Neno 'groom': Bwana harusi, saisi wa farasi na mtu anayemlainisha mwanao



Hivi karibuni nilikuwa Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, kuhudhuria nikah ya kijana wa rafiki yangu. Kwa asiyepafahamu, Momba ni wilaya iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mkoa wenyewe wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Waislamu wa huko si wengi, na kwa ajili hiyo nikah moja inawakusanya karibu wote, wengine wakitokea Tunduma, wengine hata ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

Baada ya swala ya Isha mzee mmoja alinivuta pembeni. Akaniambia kuwa mwanawe aliyeko kidato cha pili amemuuliza swali lililomkosesha usingizi. Shuleni mwalimu wa Kiingereza aliwafundisha kuwa "groom" ni bwana harusi. Kisha kijana akasoma kwenye simu ya kaka yake onyo moja la Kiingereza linalowataka wazazi wawalinde watoto wao dhidi ya "grooming". Akaenda kwa baba yake akamuuliza: "Baba, kwani bwana harusi anawafanya nini watoto?"

Mzee hakuwa na jibu. Alimwambia akalale. Lakini swali lilibaki, na yeye akaona amuulize mtu anayeandika kwenye gazeti. Nilimjibu kwa kifupi pale pale, na nikamuahidi kulijibu kwa urefu hapa, kwa sababu neno hili moja limebeba karibu kila kitu ambacho safu yetu hii ya afya na usafi imekuwa ikikizungumzia, na limebeba na kitu kimoja ambacho tumekuwa tukikikwepa.

Neno lilikotoka

Waingereza wa kale walimwita bwana harusi "brydguma". "Bryd" ni bibi harusi, na "guma" ni mwanamume. Baada ya karne nyingi neno "guma" lilikufa, watu wakawa hawalielewi tena. Masikio yao yakatafuta neno jingine lililo karibu nalo, wakapata "groom", na hivi ndivyo ilivyokuwa kufikia karne ya 16. Tatizo ni kwamba "groom" wakati huo lilikuwa na maana yake nyingine kabisa: mvulana, kijana wa kazi, mtumishi. Kwa maana hiyo, bwana harusi wa Kiingereza, ukimfasiri neno kwa neno, ni mtumishi wa bibi harusi. (Nawaomba akina baba gazeti la wiki hii walifiche.)

Huyo mtumishi kijana alipopewa kazi ya zizi akawa ni mtunza farasi, na mpaka leo Waingereza wanamwita kwa jina hilo hilo. Kazi yake ni kumsugua farasi, kumchana manyoya, kumsafisha kwato na kumlisha. Kutokana na kazi hiyo, katika karne ya 19 neno likageuka kuwa kitendo: kusafisha na kutengeneza mwili, kwanza wa mnyama, kisha wa binadamu. Halafu wanasiasa wakalichukua: mtu anayeandaliwa taratibu ili ashike cheo fulani naye husemwa kwa neno hilo. Na kuelekea mwisho wa karne ya 20, polisi na maafisa wa ustawi wa jamii wa Marekani na Uingereza wakalitumia kwa mtu mzima anayemwandaa mtoto ili amchafue. Hiyo ndiyo maana aliyokutana nayo yule kijana.

Usidhani kuwa Kiswahili kimepungukiwa. Sisi tuna neno "saisi", mtunza farasi, tulilolipata kutoka Kiarabu. Na katika Kiarabu saisi na siasa ni ndugu wa mzizi mmoja, wenye maana ya kuangalia, kuongoza na kusimamia. Kwa hiyo mwanasiasa na mchunga farasi, kwa asili ya neno, wanafanya kazi moja. Ama neno arusi, ambalo wengi wetu tunalitamka harusi, kwa Kiarabu linaweza kumhusu mwanamume na mwanamke pia, na ndiyo maana sisi tukalazimika kuongeza "bwana" na "bibi" ili tujue nani ni nani.

Tuanze na bwana harusi

Kijana aliyekuwa akioa pale Chitete alikwenda kunyolewa Tunduma siku moja kabla. Alirudi amependeza, lakini shingoni, nyuma ya kichwa, alikuwa na mikwaruzo miwili inayotoa damu. Nilimuuliza kama kinyozi alibadilisha wembe. Akacheka, akasema hakuangalia.

Ndugu yangu, hapa ndipo penye hatari. Watu wengi wakisikia wembe wanafikiria Virusi vya Ukimwi (VVU) tu, na ni kweli kuwa wembe wenye damu ya mtu mwingine haufai. Lakini VVU ni dhaifu nje ya mwili. Kuna kirusi kingine ambacho kwa njia ya damu kinaambukiza kwa wepesi mara nyingi zaidi, nacho ni cha homa ya ini aina ya B. Hiki kinaweza kubaki hai juu ya wembe, mashine au meza kwa muda usiopungua siku 7, hata kama damu imekauka na huioni. Huingia kwa mkwaruzo mdogo kabisa. Mtu mzima aliyeambukizwa mara nyingi mwili hukishinda wenyewe, lakini kwa baadhi hubaki, na baada ya miaka mingi ini husinyaa au kupata saratani. Bwana harusi anaweza kukichukua kwa kinyozi siku ya Alhamisi na baadaye kumpelekea mkewe wa halali bila ya yeye mwenyewe kujua, naye mke anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Kinga ipo. Watoto wetu wanaipata katika chanjo za kawaida za utotoni, utaratibu ulioanza nchini kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina maana kwamba wewe msomaji uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hujachanjwa. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Kwa hiyo anayetaka kuoa mwakani aanze sasa.

Kwa kinyozi, dai haki yako. Nenda na wembe wako mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake, na ufunguliwe mbele ya macho yako. Ama mashine, meno yake yatolewe nywele kwa brashi, kisha yasafishwe kwa spiriti kabla ya kuguswa kichwa chako, si baada. Vifaa visivyotumia umeme vioshwe kwa sabuni, halafu vilowekwe kwenye dawa ya klorini kwa dakika 10. Ikiwa una JIK yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya JIK na sehemu sita za maji. Kisha visuuzwe na vikaushwe, la sivyo vitashika kutu. Yale makabati madogo yenye mwanga wa buluu yanapendeza macho, lakini mwanga hausafishi mahali usipofika, na kitana kilichojaa nywele kina sehemu nyingi usizofika. Na taulo moja linalopita shingo za watu ishirini, sihitaji kulizungumzia.

Watoto ndio wanaoumia zaidi kwa mashine chafu. Mapunye, yale mabaka ya mviringo yanayokata nywele kichwani, husambazwa na mashine na vitana. Akina mama wengi huyapaka dawa ya kupaka miezi na miezi bila ya mafanikio. Sababu ni kwamba fangasi huyu amejificha ndani ya shina la unywele ambako dawa ya kupaka haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, kwa wiki kadhaa, na amalize.

Turudi kwa bwana harusi wetu. Ile mikwaruzo ya kisogoni, pamoja na vipele vinavyowatoka wanaume kidevuni baada ya kunyoa, ina maelezo yake. Nywele zetu zimejipinda. Ukizikata chini kabisa kwa wembe, ncha yake kali hurudi na kuingia ndani ya ngozi, na mwili huipiga vita kama mwiba. Kwa baadhi ya watu vipele vya kisogoni hugeuka kuwa makovu magumu yaliyovimba. Madaktari wa ngozi wakimpata mtu wa namna hii humwambia aache kunyoa ndevu mpaka chini. Mtume (s.a.w) alituamrisha kuzifuga ndevu na kupunguza masharubu kabla daktari wa ngozi hajazaliwa. Sisemi kuwa hiyo ndiyo hikma ya amri ile, kwani hikma yake anaijua Allah (s.w). Nasema tu kwamba anayetii hana vipele.

Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, yametajwa mambo matano ya fitra: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kung'oa nywele za kwapa. Na katika hadithi ya Anas (r.a) iliyoko kwa Muslim umewekwa ukomo wa masiku arobaini, yaani asiyafanye mtu chini ya hapo si kosa, lakini asivuke. Angalia kalenda yako. Wapo miongoni mwetu wanaosubiri Iddi mpaka Iddi.

Kuhusu kutahiri, kumbuka kwamba majaribio ya kitabibu yaliyofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Inapunguza, haiondoi. Na faida hiyo inapotea kabisa iwapo ngariba anawapitisha vijana kumi kwenye kisu kimoja. Kituo cha afya ndiyo mahali pake.

Jambo la mwisho kwa bwana harusi haliko kwenye kioo. Kabla ya nikah, nyote wawili mkapime VVU, homa ya ini na seli mundu. Hili la mwisho watu hawalijui. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na makadirio yanayotajwa ni kiasi cha watoto 11,000 kwa mwaka. Mtu anaweza kubeba vinasaba vyake maisha yake yote akiwa mzima kama chuma. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinatosha kujua. Wanaooana kwa udugu, watoto wa ami na wa shangazi, ndio wa kwanza kupima.

Mkorogo sitauzungumzia sana. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, lakini bado mabibi harusi, na siku hizi hata mabwana harusi, wanajichubua ili waonekane kwenye picha. Ama mzee anayeoa mke wa pili na kupaka nywele rangi nyeusi ti, ajue kuwa Mtume (s.a.w) aliagiza mvi za Abu Quhafa zibadilishwe rangi ila iepukwe nyeusi. Tena nyingi katika rangi hizo nyeusi zina kemikali inayoweza kuwababua baadhi ya watu mpaka macho yakavimba yakafumba. Mzee wa namna hiyo atauona usiku wa harusi kwa tabu.

Saisi wa Momba

Farasi huwaoni Chitete, na hawajawahi kustawi sehemu kubwa ya nchi yetu, kwa sababu mbung'o na maradhi mengine huwamaliza. Lakini tuna maksai wa kulimia, tuna punda, na katika bonde la Ziwa Rukwa yamo makundi ya ng'ombe. Kila mwenye mnyama ni saisi.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Mtume (s.a.w) alionekana akimpangusa uso farasi wake kwa shuka yake mwenyewe, na alipoulizwa akaeleza kuwa usiku alilaumiwa kuhusu farasi. Hebu litafakari hilo wakati unampiga maksai kwenye kidonda cha nira. Ukimsugua mnyama na kumkagua kila siku unaona kupe kabla hawajamletea ndigana kali, unaona kwato iliyooza, unaona kidonda kingali kidogo. Tunayo na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, ingawa wachache wanajua kuwa ipo. Na ukimshika ndama mwenye mabaka makavu ya mviringo usoni, nawa mikono kwa sabuni, kwani choa cha ng'ombe humpata na binadamu. Nimewahi kumuona mkamuaji mwenye alama hizo mikononi akidhani amerogwa.

Mkono unaosugua

Sasa nataka uangalie kitu kimoja. Farasi ambaye hajazoea watu hakubali tandiko. Saisi mzoefu hamlazimishi. Humjia na chakula. Humgusa shingo, akitulia humgusa mgongo. Humchana kwa brashi siku nyingi mpaka mnyama anaupenda ule mkono, anausubiri, anaufuata. Siku anapowekewa tandiko hashtuki. Sokwe wa kule Gombe, Kigoma, ambao marehemu Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, nao hukaa kwa saa nyingi wakichambuana manyoya, na si kwa ajili ya usafi peke yake: kwa kuchambuana wanajenga urafiki na kutuliza ugomvi. Hata akina mama wa Chitete wanaosukana barazani wanalijua hili. Anayeshika kichwa chako unamwambia siri zako.

Mkono mwema hujenga mapenzi kwa njia hiyo hiyo anayoitumia mkono muovu. Ndiyo maana Waingereza walilichukua neno la zizi la farasi wakampa mtu huyu. Sisi tunaweza kumwita mlainishaji.

Mlainishaji si mtu wa kichakani mwenye macho mekundu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa mwaka 2011 na Serikali pamoja na UNICEF. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na karibu mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Umesoma vizuri, wavulana pia. Na wengi walifanyiwa na watu wanaowafahamu: jirani, ndugu, mwalimu, mwenye duka, kijana wa pikipiki anayewapa lifti ya shule.

Huanza na wewe mzazi. Anakusaidia. Anakuwa mtu wa nyumbani. Kisha anamchagua mtoto, mara nyingi yule mpweke, au yatima, au asiyesikilizwa. Humpa zawadi ndogo: andazi, kalamu, vocha ya simu. Humwambia kuwa yeye ndiye anayemuelewa. Halafu huja siri, na siri ya kwanza ni ndogo na haina ubaya wowote: "Usimwambie mama kuwa nimekununulia soda." Hicho ni kipimo. Akiona siri imetunzwa, anaongeza. Huja mizaha ya mwili, kutekenyana, picha kwenye simu. Mpaka mtoto anapofanyiwa uovu wenyewe, tayari ameshafundishwa kujiona kuwa ni mshirika, na anaona aibu kusema. Kwenye simu ni hivyo hivyo, ila huna hata nafasi ya kuusikia mlango ukifunguliwa.

Nitasema na jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Mlainishaji hupenda mahali penye heshima. Anaweza kuvaa suti, sare au kanzu. Madrasa nazo haziko salama kwa sababu tu ya kuwa ni madrasa. Uislamu haukutuachia jambo hili litegemee kumdhania mtu vizuri. Umekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, na umeamrisha watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka kumi. Wanavyuoni hawakusema "isipokuwa akiwa mcha Mungu". Basi madrasa iwe na madirisha yaliyo wazi, mtoto asibakizwe peke yake baada ya wenzake kuondoka, na asitumwe chumbani kwa ustadhi. Ustadhi muadilifu atakushukuru, kwa sababu utaratibu huo unamlinda na yeye dhidi ya kusingiziwa.

Na hapa ndipo usafi unapoingia. Nani alimfundisha mwanao wa kiume kunyoa nywele za siri? Nani alimwambia maana ya janaba alipoota kwa mara ya kwanza? Nani alimuelekeza binti yako atumie nini siku zake zilipoanza? Kama hukuwa wewe, wala mama yake, wala bibi yake, basi kuna mtu alifanya. Vijana wengi wanafika baleghe wakiwa na maswali, nyumbani hakuna wa kumuuliza kwa sababu tunaona haya, na mlainishaji hana haya. Atamjibu. Atajitolea hata kumuonesha. Sisi tumeiacha elimu ya twahara kama zizi lisilo na mlango.

Mfundishe mwenyewe, na mapema. Mtoto wa miaka mitatu, minne, anayejifunza kustanji aambiwe majina ya viungo vyake na aambiwe kuwa hakuna anayevigusa isipokuwa mama anapomsafisha, au daktari mama akiwepo. Wa miaka saba, tunapomuamrisha swala, aambiwe kuwa siri inayomkataza kumwambia mama si siri, ni mtego. Anayekaribia kubaleghe, baba akae na mvulana, mama akae na binti, wazungumze fitra na josho kwa maneno ya wazi. Mara ya kwanza ulimi utakuwa mzito. Sema hivyo hivyo.

Ikiwa limeshatokea

Kwa miaka yote safu hii imekuwa ikikuhimizeni kuoga na kujitwaharisha. Hapa, na ni hapa tu, nakuambia kinyume chake. Mtoto aliyefanyiwa ukatili asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, wala nguo zake zisifuliwe. Ziweke kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa ndizo ushahidi. Najua moyo wa mama unataka kumuosha mwanawe. Subiri kidogo.

Mfikishe kituo cha afya haraka. Dawa za kumkinga na VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Fomu ya polisi, PF3, hupatikana kituo cha polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya simu ya mtoto, kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Usimfokee, usimuulize kwa nini hakusema mapema, wala usimlazimishe asimulie mbele ya ukoo mzima.

Na msikae barazani mkayamaliza kwa ng'ombe wawili. Kwa sheria zetu, mtoto aliye chini ya miaka 18 hana idhini ya kutoa katika jambo hilo, hata akisema alikubali. Mwanafunzi akipewa mimba, mhusika anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Kumuozesha binti kwa aliyemharibu ili kuficha aibu ni kumkabidhi farasi kwa mwizi wake na kumuongezea tandiko.

Asubuhi ya kuondoka Chitete nilikaa na mzee yule na kijana wake chini ya mwembe, nikamueleza kama nilivyokueleza wewe: kwamba bwana harusi hana kosa, ni neno tu limezunguka sana, likapita zizini, likaishia pabaya. Alisikiliza kwa makini. Alitaka kujua kama neno "siasa" kweli limetokana na farasi, nikamthibitishia kuwa mzizi wake na wa saisi ni mmoja, akacheka.

Kisha akanyamaza. Alikuwa akichora chini kwa kijiti. Akauliza, bila ya kumtazama baba yake: "Na kama mtu anamrushia vocha mdogo wangu kila Ijumaa, halafu anamwambia asiseme nyumbani?"

Mzee aliinuka, akavaa makubadhi yake, akamwita mkewe.